Jinsi ya kufuatilia vita ya Urusi na Ukraine bila kupigwa kamba

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Ngamiani hapa Tanga, mchana tunauza spea za baiskeli na pikipiki, jioni tukishafunga duka tunakaa kwa muuza kahawa, kikombe huku simu huku, na tangu tarehe 24 Februari 2022 mada ni moja tu, Urusi na Ukraine. Tulianza watu sita, sasa grupu letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia, wengine wako Dar, wengine Mombasa, wengine Muscat huko, na kila wiki anaingia mtu mpya ananifuata inbox kaka naanzia wapi, mbona kila mtu anasema lake, nimwamini nani. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kwa hiyo leo naweka yote hapa.

Kabla ya hatua yoyote shikeni hili moja. Vita ndefu haifuatiliwi kwa kichwa, inafuatiliwa kwa daftari. Mechi ya Coastal na African Sports ukitoka Mkwakwani unajua nani kafunga na dakika ya ngapi, lakini vita ya miaka yote hii hakuna anayekumbuka nani alisema nini Machi 2022, na waongo wa pande zote mbili wanakula kwa sababu wewe umesahau.

Na sisi watu wa Tanga tungetakiwa tulijue hili kuliko wote maana yametukuta hapa hapa. Novemba 1914 Waingereza walileta meli zao, wanajeshi kama 8,000 wengi wao kutoka India, wakashuka huku Ras Kasone, upande wa pili Wajerumani, kamanda wao Lettow-Vorbeck na askari wake kama 1,000 tu. Tarehe 4 walipigana mpaka ndani ya mji, tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka, bunduki na risasi za kutosha wameziacha. Katikati ya mapigano nyuki walichafuka kwenye mizinga yao wakauma watu, wa huku na wa huku. Sasa ikatoka hadithi kwamba Mjerumani aliwatega wale nyuki kwa waya kama silaha, na mpaka leo kuna mtu atakusimulia hivyo na kuapa juu. Kwa Mwingereza ni rahisi kusema tumeshindwa na nyuki kuliko kusema tulikuja hatukupeleleza, askari wamechoka na safari ndefu ya bahari. Alikuwepo hapo ofisa wa upelelezi wa Kiingereza anaitwa Richard Meinertzhagen, aliacha shajara zake, watu wakazitumia miaka mingi kama ushahidi wa aliyeona kwa macho, baadaye wanahistoria wakaja kugundua kwamba huyu bwana mambo mengi aliyabuni na mengine aliyaandika upya. Shahidi wa macho huyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina mshkaji yuko Donetsk kaniambia", wewe kumbuka nyuki wa Tanga.

Hatua ya 1. Daftari na simu

Nunua kaunta buku, kwaya mbili inatosha kwa kuanzia. Piga mistari upate safu tano: tarehe ya tukio, mahali, nani kasema, ushahidi gani kaonyesha, na ya mwisho iache wazi kabisa, ile utaijaza baada ya wiki mbili au mwezi ukishajua ilikuaje. Hiyo safu ya mwisho ndo elimu yenyewe. Mimi langu la kwanza lina kurasa za Machi 2022 zimejaa habari za yule rubani wa Kyiv aliyeitwa Mzimu, eti kadondosha ndege sijui ngapi za Warusi peke yake, kwenye safu ya tano nikaja kuandika kwamba Jeshi la Anga la Ukraine lenyewe lilisema ni shujaa wa hadithi, hakuna mtu mmoja wa hivyo. Ukurasa wa Juni 2023 kuna video ya wizara ya ulinzi ya Urusi, helikopta inapiga "Leopard", vile vifaru vya Kijerumani walivyopewa Ukraine, wachambuzi wakaitazama vizuri wakaona ni mashine za shamba. Moja ya huku moja ya kule. Ukishakuwa na kurasa ishirini za namna hiyo huhitaji mtu wa kukufundisha upole, unaupata mwenyewe.

Kwenye simu zima ile ya WhatsApp kupakua picha na video zenyewe. Bando utaokoa, lakini siyo bando tu. Mwaka 2023 mwanangu wa darasa la pili alichukua simu yangu acheze gemu, akafungua gallery, akakuta klipu ya mtu yuko kwenye handaki droni inamshukia, mimi hata sikujua ile klipu imeingia kwenye simu. Usiku ule hakulala vizuri na mimi sikulala. Zima leo hii kabla hujaendelea kusoma.

Hatua ya 2. Ramani, masafa na saa

Huwezi kubishana vita usiyojua iko wapi. Fungua ramani ya kawaida kwanza, achana na zile zenye rangi rangi, tafuta mto Dnipro, ufuate kutoka Kyiv mpaka Kherson baharini, halafu weka kichwani Kharkiv juu kulia, Donetsk kulia, Zaporizhzhia katikati chini, Crimea inaning'inia baharini. Ukishazijua hizo utaelewa kwa nini mwaka 2022 Warusi walitoka Kherson ng'ambo ile ya magharibi mwezi wa 11, madaraja yamepigwa, mto uko mgongoni, chakula na risasi vitapita wapi.

Halafu zibadilishe kilomita ziwe za nyumbani, hii inasaidia kuliko chochote. Kombora la kawaida la HIMARS, ule mtambo wa roketi wa Marekani, linafika kilomita kama 80, yaani limesimama Tanga mjini linafika Chake Chake Pemba. ATACMS, kombora la masafa marefu la mtambo huo huo, kilomita 300, inapita Dar na inaendelea. Na hii sasa ndo inayowashangaza wageni wote: mji wa Avdiivka huko Donetsk ulitekwa na Warusi Februari 2024, kutoka pale mpaka mji wa Pokrovsk ni kilomita kama 40, kama hapa mpaka Muheza, njia ya mtu kwenda kufuata machungwa na kurudi kabla ya adhuhuri, na mwaka 2025 walikuwa bado wanaigombania. Mtu akikwambia "Warusi wamefagia mashariki yote" au "Ukraine wamesimama hawajasogea hata hatua", mwambie Avdiivka mpaka Pokrovsk, kaa uhesabu miezi na kilomita.

Majina yatakuchanganya. Mji mmoja una jina la Kiukraine na la Kirusi, Bakhmut Warusi wanaita Artyomovsk, Pokrovsk wanaita Krasnoarmeysk, nimeona watu wanabishana dakika arobaini wanadhani ni miji miwili. Na Donetsk kuna mji unaitwa New York, ndiyo, New York, siku ukisikia New York imetekwa usikurupuke.

Saa ni jambo dogo lakini linakamatisha uongo. Saa ya Moscow ni saa yetu mwaka mzima. Kyiv wakati wa kiangazi chao nao wako sawa na sisi, ikifika baridi wanarudi nyuma saa moja. Kwa hiyo klipu iliyopostiwa saa tatu asubuhi yetu ikionyesha jua la jioni la "leo" huko Zaporizhzhia, siyo ya leo. Ila jihadhari na kuhesabu saa, 09:00 yao ni saa tatu yetu, kuna watu wamejaza saa tisa kwenye daftari.

Hatua ya 3. Vyanzo

Usiwe na chanzo kimoja na usiwe na hamsini. Mimi nina saba. Ramani ya DeepState ni ya Waukraine, wanajitahidi ila wao ni Waukraine, Rybar ni chaneli ya Telegram ya upande wa Urusi, wanajitahidi ila wao ni Warusi, nazifungua zote mbili siku moja nione zinapokubaliana. DeepState wakisema kijiji kimepotea, yaani wanakiri hasara ya kwao, hiyo ina uzito. Rybar akilalamika kwamba makamanda wake wamedanganya kuhusu kijiji fulani, na hiyo ina uzito. Mtu anayesema kinachomuuma msikilize zaidi ya anayesema kinachomfurahisha. Halafu ISW, taasisi ya utafiti wa vita ya Washington, inatoa ripoti kila siku, ndefu, Kiingereza kizito, lakini inataja ilikotoa kila kitu, ukishindwa kusoma yote soma ukurasa wa kwanza. Lugha isikutishe, Kirusi na Kiukraine weka kwenye tafsiri ya simu utapata maana ya kutosha, majina ya vikosi tu ndo yanaharibika.

Angalia pia njia habari iliyopita. Mara nyingi habari inatoka Telegram kwa Kirusi, inaenda Twitter kwa Kiingereza, inachukuliwa na mtu Nairobi au Dar anaitia chumvi, anaweka picha isiyohusika, inafika kwako ikiwa na "BREAKING" tatu na moto. Kila kituo kinaongeza neno. Rudi nyuma mpaka kituo cha kwanza ukiweza, na usipoweza iandike kwenye daftari kama "imesemwa", usiandike kama imetokea.

Hatua ya 4. Video, hapa ndo penye kazi

Nielezee moja ilivyokwenda. Februari 2024, wiki ile ya Avdiivka, jamaa mmoja wa grupu letu, mtu mzima na heshima zake, akaweka klipu, "Avdiivka leo asubuhi, Waukraine wanakimbia". Watu mia wakaanza, huyu anashangilia huyu anatokwa povu. Nikaisimamisha kwenye sekunde ya tisa nikaikuza. Miti ina majani ya kijani, imejaa kabisa. Februari Ukraine ni baridi, miti imepukutika imebaki vijiti, ardhi ni theluji au tope. Kivuli cha nguzo ya umeme kifupi, jua liko juu, na kule kaskazini jua la Februari haliendi juu hivyo hata mchana kweupe, si kama hapa kwetu ambapo saa sita kivuli unakikanyaga. Hapo tayari nishajua ni ya kiangazi. Nikachukua skrini shoti nikaiweka kwenye utafutaji wa picha, ikaja ile ile imepostiwa kipindi cha nyuma kabisa, mahali pengine. Ilichukua dakika kumi na moja na bando kidogo tu. Nikamfuata inbox kwanza, shikamoo mzee, ile klipu nimeiangalia nadhani ni ya zamani, hivi na hivi na hivi, akaifuta mwenyewe na akaandika samahani. Hiyo ndo namna. Ukimuumbua mtu mzima mbele ya watu mia hatakubali hata ukileta satelaiti.

Kwa hiyo ukipata klipu: majani na ardhi, kivuli, nguo za watu, maandishi kwenye vibao na maduka, umbo la kanisa au minara ya umeme nyuma. Sikiliza sauti. Video ya kweli kamera inatetemeka, mtu anahema, anatukana, mlio unachelewa baada ya mwanga. Zile zenye usiku safi, helikopta zinaanguka moja moja kama zimepangwa na risasi zinang'aa vizuri, nyingi ni gemu ya Arma 3, imetumika mpaka wenye gemu wenyewe Novemba 2022 walitoa tamko wakaeleza jinsi ya kuitambua.

Kutafuta mahali pa picha ni ujuzi wa mikono, jizoeze kwa mji wako. Sisi tulianza hivi, mtu anapiga picha popote Tanga anaitupia grupu bila maneno, wengine wanatafuta amesimama wapi. Picha ya kwanza ilikuwa bahari na kisiwa cha Toten, kila mtu akasema rahisi, Toten hiyo, sawa, lakini amesimama wapi? Kisiwa kinaonekana upande gani wa gati, mnara wa saa uko kulia au haupo? Kijana mmoja wa Chumbageni akapata mpaka ukuta aliouegemea. Miezi miwili ya mchezo huo, siku tukaletewa picha ya daraja lililovunjika vijana wakafungua Google Earth wakalipata kabla ya isha.

Picha za satelaiti za bure zipo, Sentinel ya Wazungu wa Ulaya inapita kila baada ya siku chache, ila kidoti kimoja ni mita 10 kwa hiyo ghala lililoungua utaliona, kifaru hutakiona, anayesema kakihesabu kifaru kwenye Sentinel anakudanganya. NASA nao wana ramani ya moto inaitwa FIRMS, ikisemekana bohari ya mafuta imelipuliwa usiku, asubuhi fungua uone kama kuna joto mahali pale. Ila angalia na shamba, wakulima nao wanachoma mabua.

Hatua ya 5. Namba za waliokufa

Hapa naomba utulie. Kosa kubwa la sisi tunaosoma kwa Kiswahili ni hili: Kiingereza wana neno moja, casualties, linalobeba waliokufa, waliojeruhiwa, na mara nyingine waliotekwa na waliopotea kwa pamoja, halafu sisi tunalitafsiri "vifo". Jeshi la Ukraine likitoa namba ya kila siku ya hasara za Urusi, hiyo ni waliokufa pamoja na majeruhi. Mtu anachukua anaandika "wamekufa". Hapo hapo umeshazidisha mara kadhaa.

Na kila jeshi linahesabu vizuri maiti za adui na linasahau za kwake. Meli ya kivita ya Urusi, Moskva, ilipozama Aprili 2022 Ukraine walisema wameipiga kwa makombora ya Neptune, Urusi wakasema ni moto umelipua risasi ndani, na mwanzoni wakasema mabaharia wote wamehamishwa, baadaye wakaja kusema mmoja amekufa na 27 hawajulikani walipo. Meli kuzama pande zote zilikubali, andika. Sababu, andika mbili, na ukiwa na maoni andika ni maoni yako.

Wanaohesabu kwa ushahidi wapo. Oryx walihesabu vifaru na magari kwa picha, kila kimoja na picha yake, kwa hiyo namba yao ni ya chini kabisa, vilivyopigwa bila kupigwa picha havimo. Mediazona na BBC idhaa ya Kirusi wanahesabu wanajeshi wa Urusi waliokufa kwa majina, wanatafuta matangazo ya msiba, makaburi, mabango ya shule, na mwaka 2025 orodha ilipita majina 100,000. Zelensky naye Desemba 2024 alitaja 43,000 kwa wanajeshi wake waliouawa, hiyo ni kauli ya serikali yake, iweke kwenye safu ya kauli. Usichanganye safu, kauli ni kauli, picha ni picha, makadirio ni makadirio.

Nikijaza namba hizi huwa naandika jina la mji pembeni. Bakhmut walikaa watu kama 70,000 kabla ya vita.

Hatua ya 6. Silaha

Kila miezi sita inakuja silaha "itakayomaliza vita". Bayraktar (droni ya Uturuki), HIMARS, Leopard, Abrams (vifaru, Marekani iliwapa 31 tu), Oreshnik lile kombora la Urusi lililopigwa mji wa Dnipro Novemba 2024. Zote zilifanya kazi, hakuna iliyomaliza kitu. Mimi mwenyewe Juni 2023 niliandika kwenye daftari kwamba Ukraine wakiwa na Leopard watafika mji wa Tokmak kabla ya Oktoba. Waliishia kijiji cha Robotyne, njiani. Kwa nini? Mabomu ya ardhini mashamba kwa mashamba, mahandaki ya miezi mingi, helikopta za Ka-52 zinapiga kwa mbali, na anga siyo lao. Ukisoma sababu hizo unaelewa kwamba kifaru ni kifaru, kinahitaji njia.

Siku hizi swali la kwanza ukiona ushindi mkubwa umetangazwa ni droni. Zile za FPV zinazoongozwa kwa miwani zinagharimu dola mia kadhaa, chini ya bodaboda mpya, na zinachoma gari la mamilioni ya dola. Adui alipovuruga mawimbi ya redio zikapotea, wakaleta zenye uzi wa nyuzi za kioo, unafunguka kilomita kadhaa kutoka kwenye bobini, hizo huwezi kuzivurugia mawimbi. Ndo maana mstari wa mapigano hausogei haraka, kukusanya vifaru ishirini mahali pamoja ni kujitangaza, kilomita nyingi nyuma ya mstari kila kitu kinaonekana na kinapigwa. Kwa hiyo askari wanatembea wawili wawili, watatu, wakati mwingine na pikipiki. Ukilijua hili utaacha kuuliza kwa nini hawafanyi kama vita ya pili ya dunia mwaka 1943, vifaru mamia kwa pamoja.

Lakini za zamani hazijafa. Grupuni tuna mzee aliyepigana Kagera, 1978 mpaka Kampala Aprili 1979, anasimulia roketi zile za Kisovieti walizoziita Saba Saba, jinsi zilivyokuwa zikivuma watu wanatupa bunduki. BM-21 Grad, mirija 40, milimita 122, kama kilomita 20 za masafa, ipo Ukraine mpaka leo na pande zote mbili wanaitumia. Mzee huyu haongei sana. Akiongea ni kuhusu tope, viatu, na chakula kimefika au hakijafika. Nawaambia vijana msikilizeni, maswali yenu yote kuhusu kwa nini jeshi halisongi majibu yako hapo, lori limekwama wapi. Ule msafara wa magari ya Warusi wa kilomita 64 uliokuwa unaelekea Kyiv Machi 2022, watu wanaupigia mahesabu ya siku tatu, yeye aliuliza mafuta yao yako wapi.

Hatua ya 7. Kubishana

Subiri saa 24. Tarehe 15 Novemba 2022 jioni, kombora likaanguka Przewodów, Poland, likaua watu wawili. Habari ya kwanza ikasema ni makombora ya Urusi. Poland ni NATO. Usiku ule grupu lilifikisha meseji zaidi ya mia saba, vita ya tatu ya dunia imeanza, mtu anauliza kama anunue mchele. Kesho yake Poland na NATO wenyewe wakasema inaelekea ni kombora la kujilinda la Ukraine lililokosa njia. Tangu siku ile tuna sheria, habari kubwa haijadiliwi kabla ya saa 24, unaweza kuiweka, huwezi kuijengea hoja.

Tenga maswali. Kuna "nini kimetokea", kuna "kwa nini", na kuna "nani ana haki". Ugomvi mwingi ni mtu wa swali la kwanza anajibiwa na mtu wa swali la tatu. Mimi nikisema Warusi wameingia Avdiivka siyo kwamba nimewapenda, na nikisema Waukraine walivuka mpaka wakaingia Kursk Agosti 2024 siyo kwamba nimelipwa na NATO. Na hapa kwetu swali la tatu lina historia yake, wapo wazee wasiosahau Wasovieti walivyosaidia ukombozi kusini mwa Afrika, wapo wanaosema nchi kubwa imevamia jirani yake na hilo ni lile lile tulilofanyiwa na Amin, na serikali yetu yenyewe Machi 2022 kule Umoja wa Mataifa haikupiga kura ya ndiyo wala hapana. Mjadala huo ni halali kabisa, ufungulieni jioni yake, msiuchanganye na ramani.

Utabiri uandikwe na tarehe na kipimo. "Ukraine itaanguka karibuni" siyo utabiri. "Mji fulani utakuwa chini ya Urusi kwenye ramani zote mbili kabla ya tarehe 30 Juni" huo ni utabiri. Admini anaupini, tarehe ikifika unasomwa kwa sauti kijiweni. Aliyekosea anaeleza alikosea wapi, basi, hakuna kumzomea. Tulianza na zomea zomea, watu wakaacha kutabiri wakabaki wanarusha matusi, tukaiondoa.

Na mjibu mtu alichosema, usijibu kambi yake. Nukuu sentensi yake, weka ulicho nacho chini. Huna? Mwambie nimekusikia ngoja nikatafute. Salamu ziwepo, shikamoo kwa wakubwa hata mkiwa mmetofautiana kuhusu Bakhmut.

Lingine dogo, shika na ya nyumbani. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA wanatoa bei kikomo za mafuta, na Tanga tuna bei yetu kwa bandari yetu. Katikati ya 2022 lita ilipopanda kupita 3,000 dukani kwetu bodaboda walikuja kuuliza kuhusu Black Sea, watu ambao vita haikuwahusu kabisa. Mimi nazijaza bei hizo kwenye daftari lile lile, pamoja na ngano, mkataba wa kupitisha nafaka ya Ukraine Black Sea ulisainiwa Julai 2022 na ukafa Julai 2023, ukizipanga tarehe unaona nyingine zimefuatana na vita na nyingine hazikufuatana kabisa.

Hatua ya 8. Usivyotakiwa kufanya

Maiti usisambaze, hata ya yule unayemchukia. Ana mama yake anaitafuta picha hiyo hiyo mtandaoni. Mateka wanaohojiwa huku wamefungwa mikono usisambaze, Mkataba wa Geneva wa 1949 unakataza mateka kufanywa maonyesho, na anachokisema mtu aliyeshikiwa bunduki siyo ushahidi wa kitu chochote. Na kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, habari ya uongo ukiisambaza huku unajua ni ya uongo ni kosa.

La mwisho ni zito na ndo lililonifanya niandike usiku huu. Wanaopenda mambo ya jeshi wanajulikana, magrupu yetu yanajulikana, na kuna watu wanaingia humo wanatafuta vijana. Alianza kuja mmoja kwetu mwaka jana, namba ya nje, Kiswahili kizuri, anasifu uchambuzi wa vijana, wiki ya pili akaanza kuwafuata inbox, kuna kazi ya ulinzi Urusi, kuna udereva, mshahara kwa dola, viza wanalipa wao, masomo pia yapo. Vijana wawili wa Makorora walikuwa wameshatuma picha za pasi zao. Tulimtoa, tukakaa na wale vijana na wazazi wao.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mtanzania mwenzetu alikwenda Urusi kusoma, akafungwa, gerezani akaambiwa ajiunge na Wagner, lile kundi la mamluki la Urusi, aachiwe huru, akauawa Ukraine Oktoba 2022, na Januari 2023 waziri wetu wa mambo ya nje akalithibitisha mbele ya waandishi. Wasichana wa nchi za Afrika walitangaziwa kazi na mafunzo Alabuga, Tatarstan, wakakuta wanaunganisha droni kiwandani, na kiwanda hicho ni shabaha, Ukraine imeshakipiga.

Kwa hiyo admini, fanyeni hivi leo. Grupu lisiwe la kuingia kwa linki, mtu aletwe na mtu. Namba za wanachama zinaonekana kwa wote, waambieni vijana wasiweke picha ya pasi, ya kitambulisho cha NIDA wala ya nyumbani kwao mahali popote. Anayetaja ajira ya nje atolewe papo hapo, piga skrini shoti ya namba na meseji kabla hajafuta, peleka polisi dawati la makosa ya mtandao. Na kijana akikufuata kimya kimya akikuuliza ile kazi ni ya kweli, acha chochote unachofanya, mpigie simu, muulize uko wapi, panda baiskeli umfuate.